Kituo cha Kendrebe

Koboko, 16 Februari 2025

Mdogo wangu Yakani,

Pokea salamu za moshi kutoka jikoni kwangu. Sisi tupo, tunapumua. Mguu wa Shangazi Medina umepungua uvimbe, na amesema ukiuliza hali yake nikwambie bado hajafa, basi nimekwambia. Watoto wamerudi shule. Hoteli yangu inaendelea hivyo hivyo: madereva wa malori ya Sudani wanakunywa chai, wanakula chapati, wanailaani barabara, wanaondoka. Msalimie sana Harriet. Mkeo alikuja, akashika jiko la msiba kama mtoto aliyezaliwa pale, hata kaburini hakupata nafasi ya kufika. Mungu amlipe.

Utashangaa kupata barua. Simu ninayo. Lakini kwenye simu kila nikifika penye ukweli unaniambia, "Dada, mtandao unakata." Karatasi haikati. Nimempa Faruk, dereva wa gari la abiria, akufikishie mpaka mlangoni kwa ofisi yako pale Arua Hill. Na nimeandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu: baba Mkakwa, mama Mlugbara wa Ajia, na sisi watoto wa kambi ya jeshi katikati yao. Mama akikugombeza kwa Kiswahili ulikuwa unakimbia. Nataka ukimbie.

Yakani, mama yetu amezikwa na wewe hukuwepo.

Wajomba zako kutoka Ajia walisimama kando ya shimo wakauliza, "Mtoto mwanamume iko wapi?" Nikasema yuko njiani. Wakangoja. Wakauliza tena, nikasema barabara imefungwa na malori. Na kweli ilikuwa imefungwa, foleni kutoka kona mpaka darajani, nami siku ile nilimshukuru Mungu kwa foleni kwa sababu ilinifichia aibu. Jioni Harriet akanivuta pembeni akaniambia hata hukutoka Arua. Ulikuwa mkutanoni. Mkutano wa kituo cha treni.

Udongo wa kwanza, ule unaotupwa na mkono wa mtoto wa kiume, niliutupa mimi. Wajomba waligeuza nyuso, na mimi sikuwalaumu.

Sasa nisikilize. Kuna jambo moja kuhusu maziko ambalo mtoto yeyote angeuliza. Siku nilipokupigia hukuliuliza. Baadaye pia hukuliuliza. Sikwambii. Siku utakayouliza, nitakujibu. Kuuliza si ujinga, mdogo wangu.

Ni mimi dada yako, mwenye hasira,
Santina


Arua, 9 Machi 2025

Kwako dada mkubwa,

Salamu za heshima. Hapa tuko wazima, ila mtoto wetu mdogo alilala na malaria wiki nzima, sasa anakula. Harriet anasema unga wa muhogo uliomfungia umekwisha na hakuna wa mjini unaofanana nao. Barua yako ilikaa kwa mlinzi wa geti, alidhani ni mwaliko wa harusi, ndiyo sababu nachelewa kujibu.

Nimeisoma. Sitakataa kwamba sikuwepo. Lakini niruhusu nijieleze, maana hata mshtakiwa hupewa nafasi.

Reli hii iliyochorwa ingepita kwetu kama upepo: Arua, halafu Koboko, basi. Katikati hakuna kusimama. Na watu wa katikati ndio wanaojaza ile barabara. Wanafunzi, wenye magunia ya muhogo, wanawake wajawazito, wote juu ya boda, katikati ya matairi ya malori. Ndugu yetu Lako alikufa hivyo. Mdogo wetu wa mwisho, ametumwa chumvi tu. Na wazee wakakataa damu ya barabarani iingie kwenye kiwanja cha nyumbani, tukamlaza peke yake pembeni mwa shamba, hatua chache kutoka kwenye lami iliyomuua. Unadhani nimesahau?

Krismasi iliyopita, nyumbani kijijini, mama alinishika mkono, unakumbuka mikono yake ilivyokuwa migumu. Akasema, "Yakani, wewe iko na wakubwa kila siku. Waambie treni isimame hapa Kendrebe, watoto wa watu washuke salama." Siku ya maziko ndiyo siku kamati yetu ya reli ilipokuwa inaamua. Wenzangu walitaka kituo kiongezwe kwao. Ningeondoka kitini, Kendrebe ingefutwa. Nilikaa, na Kendrebe ikapita. Kituo kitajengwa kwenye shamba letu la barabarani, dada. Sasa niambie wewe, nani amemzika mama vizuri zaidi: aliyetupa udongo, au aliyetimiza alichoomba?

Kabla ya mvua kubwa nitakuja kuwajengea yeye na mzee, marehemu baba, kwa simenti, kaburi moja pana, na vigae juu. Nimeshaviona vigae.

Kuhusu hilo jambo unalotaka niulize, mimi sipendi vitendawili. Kama una la kusema, sema.

Mdogo wako,
Yakani


Koboko, 30 Machi 2025

Kwa mheshimiwa wa Arua Hill,

Salamu tunazo, za kutosha hata wakubwa. Mvua imeanza. Bati langu la jikoni linavuja palepale ulipoahidi kulipiga msumari. Mtoto pole, mpe uji wa mtama. Unga wa muhogo namtumia Harriet kwa mkono wa Faruk, na umwambie ni wa Harriet, si wa nyumba.

Umeniuliza nani amemzika mama vizuri zaidi. Nilisoma hapo nikainuka nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Mambo mengine hayasemwi hata kwa adui, Yakani. Lakini umesema, yameandikwa, na Shangazi Medina nimemsomea. Akasema, "Huyu mtoto alinyonya ziwa gani?"

Sawa. Umetimiza alichoomba. Lakini mama aliomba mambo mawili. La kwanza alikuomba wewe. La pili alituomba mimi na Shangazi, siku ya mwisho, sauti ikiwa imebaki kidogo. Tulilitimiza, ingawa wajomba na wazee wote walitupinga. Unasema utawajengea yeye na mzee kaburi moja. Hebu soma tena hayo maneno yako, halafu uniulize. Uniulize kama mtoto, si kama afisa anayedai ripoti.

Sasa kichekesho cha kwetu, maana kulia peke yake kunachosha. Wapimaji wenu walipopiga vile vigingi vyekundu shambani, walitamka neno la hatari: penye makaburi hawagusi mpaka wenyewe wakubali. Wee! Unawajua wale wauza mafuta ya madebe na nyama ya kuchoma pale kona. Wao hawataki treni. Foleni ndiyo ng'ombe wao wa maziwa, kwa sababu dereva asiyekwama hanunui kitu. Basi asubuhi moja tunaamka, shamba letu limeota makaburi! Mmoja amezika mgomba. Mgomba, Yakani, na watu wakauimbia nyimbo za kanisani. Mwingine amezika godoro la marehemu babu yake, ambaye mwenyewe amezikwa mbali, kule Yumbe.

Na wajanja, si mchezo. Pale palikuwa na kaburi moja jipya la kweli, wakaliiga kila kitu. Tuta la udongo wenyewe bila simenti. Mawe pembeni. Hata sufuria iliyotobolewa na kupinduliwa juu ya tuta, kama tunavyowawekea mama zetu. Sasa shamba zima ni sufuria, utadhani ni siku ya soko. Shangazi anawafokea, wao wanamjibu, "Shangazi, kifo haina mwenyewe."

Umesoma? Kaburi moja jipya la kweli. Sasa uliza.

Santina


Arua, 4 Mei 2025

Dada,

Natumaini mko wazima huko. Huku tuko hivyo hivyo. Harriet ameshukuru kwa unga. Nilikuwa safarini Kampala kwa kazi za mradi, ndiyo sababu kimya kimekuwa kirefu.

Hivyo vichekesho vyako vimenifikia kabla ya barua yako. Mkubwa wangu aliweka picha za makaburi mezani mbele ya watu wote. "Yakani, kwenu watu wanakufa kwa zamu?" Chumba kizima kikacheka. Mimi nilitetea Kendrebe kwa miezi, nikaapa kwamba watu wetu ni waungwana. Wameniumbua. Na wewe unanisimulia kama hadithi ya jioni.

Nimewajibu hivi, na ujue nimewajibu nini. Nimewaambia kaburi la kweli pale ni moja tu, la ndugu yangu, lina msalaba wa chuma, msalaba ule uachwe. Mengine yote yasiyo na simenti ni uongo wa wafanyabiashara, yasawazishwe. Wakaniuliza kama nina hakika. Nikasema mimi ni mtoto wa nyumba ile, nani ajue zaidi yangu?

Unaandika "kaburi moja jipya la kweli" kama mwalimu anayetega mtihani. Kama jirani amezika mtu wake kwenye shamba letu bila ruhusa, hilo ni kosa lake. Kuhusu ombi la pili la mama, utaniambia nikija. Nimechoka kusimamishwa ubaoni na dada yangu.

Yakani


Arua, 8 Juni 2025

Dada Santina,

Mwezi umepita bila neno lako. Harriet anasema niende mwenyewe, lakini sipati nafasi. Watoto wanakusalimu.

Naandika kwa haraka. Alhamisi hii, tarehe 12, greda litapita Kendrebe kusafisha uwanja wa kituo. Mwambie Shangazi Medina afunge mbuzi wake na asiende kubishana na wafanyakazi, miguu yake haiko sawa. Mimi siku hiyo niko na wageni wa mradi, lakini nimeacha maagizo yote.

Usije ukasema sikukuambia.

Yakani


Koboko, 15 Juni 2025

Yakani,

Leo sina salamu.

Barua yako ya tarehe 8 ilinifikia Alhamisi, saa nne asubuhi. Faruk alikuwa nayo mfukoni tangu Jumatatu. Lori la simenti lilianguka likaziba njia, malori yakajipanga pande zote mbili, na yeye na abiria wake walilala humo siku mbili. Hiyo hiyo barabara unayotaka kuipunguzia watu ndiyo iliyoizuia barua yako. Cheka, kama unaweza.

Hiyo ya Mei sikuifungua. Ilipokuja niliona mwandiko wako, nikasema huyu hajauliza, ni kujisifu tena, nikaitupa juu ya kabati. Nimeifungua jana. Usiniambie lolote juu ya hilo. Najua.

Nilipiga simu yako mpaka chaji ikaisha. Ilikuwa imezimwa. Wageni wa mradi. Nikapanda boda, tukafika kwenye foleni, boda likashindwa kupenya kati ya malori, nikashuka nikatembea. Sikutembea, nilikimbia, mwanamke wa umri wangu, na vitambaa vya jikoni bado viko kiunoni. Madereva wananijua, wakaniita, "Mama Chai, nani anakufukuza?"

Nilipofika kulikuwa tambarare.

Ombi la pili la mama lilikuwa hili. Alisema, "Mzee nimeishi naye, kule ana watu wake, wazazi, ndugu. Mnilaze na Lako. Yule mtoto yuko peke yake kando ya barabara kama mzigo ulioanguka kwenye gari." Wazee walisema hapana, mke hulala kwa mumewe. Shangazi Medina, dada wa mzee huyo huyo, ndiye aliyesimama akasema, "Kaka yangu atavumilia." Tukamlaza pale. Sufuria yake ya ugali niliitoboa mimi kwa msumari. Hiyo ndiyo sufuria waliyoiga wote, Yakani. Kaburi moja jipya la kweli lilikuwa la mama yako.

Sasa nikusimulie Alhamisi, kama Shangazi alivyonisimulia. Greda lilipokuja, yeye alijitupa juu ya tuta akalia, "Huyu iko hapa kweli! Huyu ni wifi yangu!" Lakini wauza mafuta wote walikuwa nao wamejitupa juu ya matuta yao, wanalia, "Mama yangu iko hapa! Babu yangu iko hapa!" Aliyezika mgomba alilia kuliko wote, mpaka akatoa kamasi. Dereva wa greda akacheka. Akasema, "Leo kila mutu ana mama." Wafanyakazi wawili wakamwinua Shangazi kwa upole, wakamkalisha kwenye kivuli, wakampa maji. Wala hawakuwa watu wabaya.

Na agizo lako kuhusu Lako walilitii vizuri sana. Ulisema msalaba uachwe. Waliung'oa kwa uangalifu wakausimamisha kwenye ua wa jirani ili usiharibike. Halafu wakapita juu ya Lako naye. Wakamwaga udongo mwekundu, wakaushindilia.

Sufuria walizikusanya kwenye lori. Nimeuliza zimepelekwa wapi. Hakuna anayejua.

Sina cha kuongeza.

Santina


Arua, 24 Juni 2025

Dada yangu,

Sijui nianze na salamu gani. Harriet hajasema nami tangu aliposoma barua yako. Anapika, anaweka mezani, anaondoka.

Nilikwenda. Sikukuambia, nilipita bila kufika Koboko, sikuweza. Nilifika Kendrebe Jumapili watu wakiwa kanisani. Nilivaa viatu vya ofisi, na udongo ulikuwa mgumu kama sakafu. Wameshapiga vigingi vipya na kamba, sehemu ya kupandia, sehemu ya kukatia tiketi. Nilizunguka pale nikitafuta hata jiwe. Shangazi Medina aliniona kutoka mlangoni kwake. Nilimwita. Aliingia ndani akafunga.

Nimeomba kituo kisogezwe, hata kidogo. Nimeeleza yote mbele ya kamati, mbele ya wale waliocheka. Mkubwa wangu alisikitika kwa dhati, akaniambia pole. Halafu akafungua kumbukumbu za mkutano wa Februari akanisomea maneno yangu mwenyewe: kwamba mahali panapofaa ni hapo tu, na familia haina pingamizi lolote. Michoro imeshapita, akasema. Na treni ikianza, watu wengi watatoka barabarani, Yakani, si ndicho ulichotaka? Nikasema ndicho.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini sikuuliza. Niliona ukinilazimisha kupiga magoti, basi. Mambo mengine siwezi kuyaandika.

Sasa nauliza, dada. Nauliza kama mtoto. Mama yuko wapi? Upande gani wa Lako, kulia au kushoto, kichwa kimeelekea wapi? Niambie hata kwa kukisia, niende na jembe kabla hawajamwaga zege. Nitachimba mwenyewe. Nitawahamishia wote wawili nyumbani, na safari hii udongo wa kwanza nitautupa mimi. Zege ni mwisho wa mwezi ujao. Nakuomba sana. Uniambie tu mama yuko wapi.

Yakani


Koboko, 6 Julai 2025

Mdogo wangu Yakani,

Salamu kwako, kwa Harriet na kwa watoto. Mwambie Harriet aseme nawe, nyumba haikai kimya namna hiyo. Shangazi Medina halali vizuri, lakini anakula. Bati nimeligonga mwenyewe.

Barua yako niliipata Ijumaa, na siku iliyofuata nikafunga hoteli. Nilikwenda na jembe, na Shangazi nikamchukua kwa boda. Faruk alikuja, na vijana wawili wa kanisani. Hata yule aliyezika mgomba alikuja na koleo lake, haniangalii usoni. Sikumfukuza.

Shangazi alisimama akasema ni hapa. Mimi nikasema hapana, ni kule, kwa sababu siku ya maziko nilipoinua macho niliona mnara wa simu juu ya bega la mjomba. Lakini mjomba alikuwa amesimama wapi? Msalaba hakuna. Mti wa mpaka wameukata. Hata ukingo wa barabara wameusogeza. Tulichimba alipoonyesha Shangazi, tukachimba nilipoonyesha mimi, hatukuona kitu. Yule wa mgomba akachimba kwake, tukapata mgomba, umeoza. Akakaa chini akalia, na safari hii hakuna aliyecheka. Jioni mlinzi wa mradi akatuomba tufukie mashimo, la sivyo angefukuzwa kazi. Tukafukia.

Mimi ndiye niliyetupa udongo wa kwanza, Yakani. Nilisimama pale na macho yangu mawili. Miezi yote ile nilikuwa nalo jibu, nimelifumbata mkononi kama peremende ya mtoto, nikikungoja useme tafadhali.

Niliahidi kwamba siku utakayouliza nitakujibu. Umeuliza.

Sijui.

Dada yako,
Santina